Kutoka Nyumba ya Mungu hadi Horombo: Wapi pa kuwaona ndege wa Kilimanjaro

Na Mwandishi Wetu, Moshi

UKITAJA Moshi mbele ya mgeni, kitu cha kwanza atakachouliza ni Mlima Kilimanjaro, na cha pili huenda kikawa kahawa. Ni wachache wanaofahamu kuwa mji huu ni kituo kizuri mno kwa mtu anayetaka kutazama ndege, na kwamba ili kuwaona walio wengi hakuna haja ya kufika kileleni wala kulala njiani siku sita.

Kwa miaka mingi shughuli ya kutazama ndege imehesabiwa nchini kuwa ni ya wageni kutoka Ulaya na Marekani, wenye darubini shingoni na vitabu mkononi. Dhana hiyo imewanyima wakazi wengi wa Moshi, pamoja na jamaa zao wanaorudi nyumbani kila mwisho wa mwaka, starehe isiyo na gharama kubwa ambayo ipo nje ya milango yao.

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na ni nchi chache tu barani Afrika zinazoizidi. Sehemu kubwa ya utajiri huo inaweza kuonekana ndani ya mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka mnara wa saa wa Moshi.

Makala haya yanaeleza maeneo hayo moja baada ya jingine, kuanzia mjini, kupanda mlimani, kisha kushuka tambarare. Atakayeyatembelea atagundua kuwa ndege wa Kilimanjaro hufuata vitu viwili: maji yatokayo mlimani na miti mikubwa iliyozeeka. Vitu hivyo vinapotoweka, ndege nao huondoka, na hasara yake haiishii kwa ndege.

Mlima wa ghorofa nyingi

Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati kilele cha Kibo kina mita 5,895. Kwa wastani, kila mtu anapopanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Hivyo katika safari fupi ya kwenda juu, hali ya hewa hubadilika kama vile mtu amesafiri kutoka nchi moja kwenda nyingine.

Mimea nayo hubadilika. Chini kuna nyika kavu yenye migunga na mashamba ya mpunga na miwa. Juu yake hufuata vihamba vya migomba na kahawa, kisha msitu wa mvua, halafu vichaka vya baridi, na mwisho jangwa la mawe na barafu.

Kila ghorofa ina ndege wake. Ndege anayeishi kwenye matete ya Ziwa Jipe hatakutwa Mandara, na yule wa Horombo hana analolifuata Mabogini. Ndiyo maana mtu mwenye siku mbili tu anaweza kuona aina nyingi zaidi hapa kuliko katika eneo kubwa la tambarare lililo sawa kila upande.

Mjini na Msitu wa Rau

Safari inaweza kuanza nyumbani. Katika mitaa yenye bustani na miti mikubwa, mfano Shanty Town, kelele za kwarara huamsha watu alfajiri. Machozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, hufyonza maua ya bustani, na mwewe huzunguka juu ya masoko wakitafuta mabaki.

Hata hivyo, mahali pa kwanza panapostahili kutengewa asubuhi nzima ni Msitu wa Hifadhi wa Rau, ulio kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Msitu huu, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), si msitu wa mvua za mlimani. Umeota tambarare kwa sababu maji ya chini ya ardhi yatokayo Kilimanjaro hutokeza hapo kama chemchemi.

Rau inajulikana kwa mivule mikubwa, na kwa mti wa msoo ambao hupatikana katika maeneo machache sana. Ndani yake kuna mbega na kima, na ndege wa msituni ambao kwa kawaida mtu angewatafuta mbali zaidi.

Hondohondo ndio rahisi kutambua kwa sauti yao ya kukwaruza na mlio wa mabawa. Mdiria hukaa juu ya vijito akisubiri windo, na kando ya msitu, kwenye majaruba ya mpunga, huonekana yangeyange, korongo na fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa mfano wa nyundo.

Msitu huu umezungukwa na makazi na mashamba pande zote. Mji unapopanuka, mahitaji ya kuni, nguzo na viwanja huongezeka, na msitu mdogo wa aina hii hauna mahali pa kurudi nyuma.

Vihambani: Ndege na kahawa

Ukipanda barabara za Kibosho, Uru, Old Moshi, Machame au Marangu, unaingia katika vihamba. Katika kilimo hiki cha Wachaga, migomba na mibuni hukua chini ya kivuli cha miti mirefu kama mruka na mringaringa, huku maji ya mifongo yakipita katikati. Kwa mbali kihamba huonekana kama msitu, na ndege wengi hukichukulia hivyo.

Humo mna shore, machozi wa aina kadhaa, kwezi, njiwa wa msituni na wale ndege wadogo wa rangi ya kijani na manjano wenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambao hupita makundi kwa makundi wakiokota wadudu kwenye majani. Miti ya matunda inapoiva, hata ndege wa msitu wa juu hushuka kula.

Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiko katika ukanda huu, takriban kilomita 14 kutoka mjini. Barabara ya kwenda huko, pamoja na njia za miguu za kuelekea maporomoko ya Materuni, ni nzuri kwa mtu anayeanza, kwa kuwa ndege huonekana kwa ukaribu na wenyeji wamezoea wapita njia.

Faida ya ndege hawa kwa mkulima imepimwa. Mwaka 2014 watafiti waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro walichapisha matokeo ya jaribio lao katika jarida la kisayansi la Royal Society ya Uingereza. Waliifunika baadhi ya mibuni kwa nyavu zilizozuia ndege na popo, na mingine wakaiacha wazi.

Matokeo yalionyesha kuwa mibuni iliyofikiwa na ndege na popo ilibakiza matunda mengi zaidi kwa takriban asilimia 9, kwa kuwa wanyama hao hula wadudu waharibifu. Nyuki na wachavushaji wengine nao waliongeza uzito wa tunda kwa takriban asilimia 7. Kwa maneno mengine, mkulima alikuwa na vibarua asiowalipa.

Vibarua hao huhitaji miti ya kutua na kuzalia. Bei ya kahawa iliposhuka, wapo waliong'oa mibuni na kupunguza kivuli ili kupanda mahindi na mboga. Vihamba vimegawanywa kwa warithi hadi vikawa vipande vidogo, na mti mkubwa ukishakuwa mbao hupatikana fedha za ada ya shule mara moja tu. Uamuzi huo unaeleweka, lakini gharama yake haionekani siku ile ile.

Ndani ya msitu wa mvua

Juu ya vihamba unaanza Mkanda wa Msitu, ambao tangu mwaka 2005 umejumuishwa katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro (KINAPA). Hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1973 na kuorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Njia iliyo rahisi zaidi kwa mtazamaji wa ndege ni ile ya Marangu. Kutoka lango la Marangu, lililo karibu mita 1,900, hadi kituo cha Mandara kilicho mita 2,700 hivi ni mwendo wa kilomita 8. Mgeni wa siku moja anaweza kwenda na kurudi, na akipata nafasi, kufika hadi kreta ya Maundi iliyo jirani.

Ndege wa kwanza wa kumtafuta ni shorobo wa milimani, anayejulikana kitaalamu kwa jina la Hartlaub. Akiwa ametulia tawini ni wa kijani kibichi na si rahisi kumwona. Anaporuka, mabawa hufunguka na kuonyesha wekundu mkali unaoshangaza. Wekundu huo hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani ya manyoya, jambo lisilopatikana kwa jamii nyingine za ndege.

Wa pili ni hondohondo mkubwa mweusi na mweupe, mwenye pembe nene juu ya mdomo. Maisha yake yanaeleza kwa nini miti mizee ina thamani. Jike huingia katika shimo la mti mkubwa, na mlango huzibwa kwa udongo anaoletewa na dume hadi ubaki upenyo mwembamba. Kwa zaidi ya miezi mitatu jike na makinda hulishwa matunda kupitia upenyo huo.

Mti wenye shimo la kumtosha ndege wa ukubwa huo una umri wa miaka mingi. Ukikatwa, hakuna mche unaoweza kuchukua nafasi yake katika maisha ya ndege huyo wala ya aliyeukata.

Wa tatu ndiye adimu zaidi: kwezi wa Abbott. Dume ni mweusi wenye mng'ao wa buluu na tumbo jeupe, na jike ni wa kahawia mwenye michirizi. Jina lake linatokana na William Louis Abbott, Mmarekani aliyekusanya wanyama Kilimanjaro mwishoni mwa miaka ya 1880, ambaye pia jina lake la kigeni limebebwa na minde, yule paa mkubwa wa msituni.

Kwezi huyu hupatikana tu katika misitu michache ya milimani ya Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Hukaa juu kabisa ya miti, hivyo anayemtafuta hana budi kusimama chini ya mti wenye matunda na kusubiri kwa utulivu.

Hatari kwa msitu si jambo la kufikirika. Uchunguzi uliofanywa kutoka angani mwaka 2001 ulibaini maelfu ya miti ya asili iliyokuwa imekatwa, ikiwamo mikafuri. Hali hiyo ilichangia hoja ya kuuweka msitu wote chini ya hifadhi ya taifa. Ulinzi umeimarika tangu wakati huo, ingawa hatua hiyo iliibua pia malalamiko ya wananchi wa vijiji vya mpakani waliozoea kupata kuni na majani katika ukanda wa nusu maili.

Horombo: Ndege wa baridi

Juu ya Mandara msitu hukoma na kuacha vichaka na majani. Kituo cha Horombo, kilicho mita 3,720, ndicho mahali pazuri zaidi pa kuona ndege wa baridi kali. Kufika huko kunahitaji kulala mlimani, hivyo kunawafaa wapanda mlima ambao wataona ndege njiani badala ya kutazama viatu vyao tu.

Nyota wa ukanda huu ni chozi wa Johnston, dume wa kijani chenye mng'ao wa metali, mwenye mkia mrefu na vishada vyekundu kifuani. Alielezwa kisayansi mwaka 1885 na kupewa jina la Harry Johnston, Mwingereza aliyeongoza msafara wa uchunguzi Kilimanjaro mwaka 1884. Hufyonza maua ya lobelia kubwa na kula wadudu waliojificha humo, na huweza kuishi mahali ambapo maji huganda usiku.

Kando ya nyumba za wageni hurukaruka ndege mdogo wa kahawia asiyewaogopa watu. Juu yao huzunguka kunguru wakubwa wenye baka jeupe shingoni, ambao wamejifunza kufungua mifuko ya wapagazi. Wageni wanashauriwa wasiwalishe, kwa kuwa chakula cha binadamu huongeza idadi ya kunguru, nao hula mayai na makinda ya ndege wengine.

Adui mkuu wa ukanda huu ni moto. Oktoba 2020 moto uliozuka katika eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo, uliteketeza takriban kilomita za mraba 95 kwa mujibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na Oktoba 2022 moto mwingine ulizuka upande wa Karanga. Vichaka vya mlimani hukua polepole, na kila moto mkubwa husukuma mpaka wa miti kwenda chini. Miti hiyo ndiyo inayonasa ukungu na kuugeuza kuwa maji.

Tambarare ya mpunga na miwa

Maji hayo tukiyafuata kwenda chini, tunafika kusini mwa mji, katika mashamba ya miwa ya TPC na mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi. Mradi huo, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, uliyageuza maeneo ya Mabogini na Chekereni kuwa majaruba ya mpunga.

Kwa ndege wa majini, jaruba ni ziwa lenye kina kifupi. Yangeyange, korongo, kwarara, bata maji na ndege wengi wa tope hujaa hasa mashamba yanapolimwa na kufurikwa maji. Mwenye bahati huweza kumwona korongo mwenye taji, ambaye tangu mwaka 2012 amewekwa katika kundi la walio hatarini duniani.

Katika matete na vichaka vya mifereji hupatikana mnana wa Taveta, ndege wa manjano mwenye rangi ya hudhurungi kisogoni. Dunia nzima hupatikana kusini mashariki mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania tu. Watazamaji husafiri maelfu ya kilomita kumfuata ndege ambaye mtoto wa hapa humwona akienda shule.

Lakini mpunga humleta pia kwelea kwelea. Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi na hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, ambalo si la ajabu kwake, huweza basi kumaliza tani 10 kwa siku. Mkulima anayeamka alfajiri kupiga debe shambani mwake hawezi kulaumiwa kwa kutompenda.

Njia iliyozoeleka ya kuwadhibiti ni kunyunyizia sumu kwa ndege za kilimo usiku au jioni, wakiwa wamelala. Sumu inayotumika, fenthioni, haichagui. Huua pia bundi, mwewe na tai wanaokula kwelea waliokufa au wanaokufa, yaani wale wale ambao kwa kawaida huwapunguza kwelea na panya.

Zipo njia nyingine zinazoweza kupunguza matumizi ya sumu. Katika Wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, wananchi wamekuwa wakiwatega kwelea kwa wingi na kuwafanya kitoweo. Kutafuta mazalia yao mapema na kupanda kwa wakati mmoja nako husaidia. Njia hizo hazitoshi pekee pale makundi yanapokuwa makubwa mno, lakini kila eneo lisilonyunyiziwa ni nafuu kwa ndege na kwa watu wanaokunywa maji ya mifereji.

Nyumba ya Mungu, Chala na Jipe

Mito ya Karanga, Weruweru na Kikafu huishia katika Mto Kikuletwa, ambao pamoja na Ruvu hujaza Bwawa la Nyumba ya Mungu, takriban kilomita 50 kusini mwa Moshi. Bwawa hilo lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, na kabla ya muda mrefu likawa makao makubwa ya ndege wa majini.

Kingo zake tambarare huwavutia mwari, mnandi, bata bukini na korongo wa aina nyingi, na mlio wa tai mla samaki husikika toka mbali. Maji yanapopungua wakati wa kiangazi, matope hubaki wazi na ndege hukusanyika karibu zaidi. Ni vyema kuzungumza na wavuvi kabla ya kukodi mtumbwi, kwa kuwa upepo wa mchana huweza kuwa mkali.

Ziwa Chala, wilayani Rombo mpakani na Kenya, ni la namna nyingine kabisa. Ni shimo la volkano lenye kuta za mawe na kina cha zaidi ya mita 90, linalolishwa na maji ya chini ya ardhi. Ndege wa majini ni wachache, lakini kuta hizo ni mahali pazuri pa kuwatazama tai na jamaa zao wakielea juu ya hewa ya moto.

Ziwa Jipe, wilayani Mwanga, ni kinyume chake: lina kina kifupi na matete mengi. Humo huonekana yangeyange mweusi, ambaye hutandaza mabawa kama mwavuli ili kuweka kivuli majini na kuwavuta samaki. Magugumaji yameziba sehemu kubwa ya ziwa hili, na udongo unaoletwa na mito kutoka mashamba ya milimani umelipunguza kina. Wavuvi na ndege wanapoteza maji yale yale.

Kwa mwenye siku ya ziada

Kusini mashariki, takriban kilomita 100 kwa barabara kuu hadi Same, ndiko liliko lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Lilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na likapandishwa hadhi mwaka 2008. Zaidi ya aina 400 za ndege zimeorodheshwa humo, wakiwamo mbuni, karani tamba na kanga wenye shingo ndefu ya upara na manyoya ya buluu kifuani.

Juu ya Same, katika Milima ya Upare ya Kusini, kuna Msitu wa Hifadhi ya Mazingira Asilia wa Chome, wenye kilele cha Shengena cha mita 2,462. Humo huishi ndege mdogo mwenye duara jeupe jichoni ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani. Jina lake la kitaalamu limetokana na Winifred Moreau, mke wa mtaalamu wa ndege Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani.

Magharibi, nyuma ya Mlima Meru kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, kuna nyanda kavu za majani mafupi anakoishi kipozamataza wa Beesley. Naye ni wa Tanzania peke yake, na waliobaki ni wachache mno.

Namna ya kutazama

Wakati mzuri ni kuanzia mapambazuko hadi saa nne asubuhi, na tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana ndege wengi hujipumzisha.

Kuanzia Oktoba hadi Aprili huwapo wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, kama mbayuwayu na ndege wala nyuki. Desemba, wakati familia nyingi zinapokusanyika vijijini, ni miongoni mwa miezi mizuri zaidi. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huteleza njia za msituni, lakini ndipo minana na wengineo huvaa rangi za kuzaliana.

Vifaa ni vichache: darubini ya kawaida, daftari, kalamu na kitabu cha kutambulia ndege wa Afrika Mashariki. Nguo za rangi tulivu zinafaa kuliko nyeupe au nyekundu. Kuingia hifadhi ya taifa kuna ada, na Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni. Kilimanjaro mtu huingia akiwa na mwongozaji.

Adabu nayo ni sehemu ya kazi hii. Usikaribie kiota, usirushe jiwe ili ndege aruke, na omba ruhusa kabla ya kuingia kihambani kwa mtu. Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa kisheria.

Mwenye kuandika tarehe, mahali na aina alizoziona anafanya zaidi ya kujiburudisha. Tangu miaka ya 1980 kumbukumbu za namna hiyo zimekuwa zikikusanywa kutengeneza ramani ya ndege wa Tanzania, na shirika la Nature Tanzania linaendeleza kazi ya kuwahifadhi. Bila kumbukumbu hizo hakuna atakayejua ni lini ndege fulani aliacha kuonekana Rau au Jipe.

Kwa upande wa wakazi, hatua zinazowezekana si kubwa. Kuacha mruka mmoja mzee usimame kihambani, kupanda miti ya asili pamoja na mijohoro na mikaratusi, kutosafisha kingo za mto hadi ukingoni na kutowasha moto ovyo wakati wa kiangazi ni mambo yasiyohitaji bajeti ya serikali. Maji yanayomfuata ndege ndiyo hayo hayo yanayofika kwenye mabomba ya Moshi na majaruba ya Mabogini.